Mwanangu ni raia wa Marekani, mimi mzazi nitapataje makaratasi?

Wasomaji walioko Marekani wametuandikia kwa wingi kuhusu jambo hili. Tumechagua barua nne. Mambo mawili ndiyo yanayoamua karibu kila kitu: umri wa mtoto, na namna mzazi alivyoingia nchini.

SWALI: Nina mtoto wa miaka sita, kazaliwa Dallas. Viza yangu ya matembezi iliisha zamani. Naambiwa mtoto raia ananikinga nisirudishwe nyumbani. Ni kweli? – Mama, Texas

JIBU: Si kweli, dada yetu. Uraia wa mtoto haumfikii mzazi. Sheria haimruhusu kukuombea hadi atimize miaka 21, na kabla ya hapo kuzaliwa kwake hakukupi kibali cha kuishi wala cha kazi.

Kwa sasa tunza ushahidi kwamba uliingia kwa kukaguliwa na afisa: pasipoti yenye muhuri na I-94, yaani rekodi ya kuingia kwako nchini. Tarehe ya mwisho ya kukaa ni ile ya I-94, si ile iliyo kwenye viza. Lipa kodi kila mwaka. Na tunakuomba sana: ukijaza fomu ya kazi ya I-9 usiweke alama panapoandikwa raia, wala usikubali kuandikishwa kupiga kura unapochukua leseni ya udereva. Kudai uraia usio wako humfungia mtu kadi ya kijani (kibali cha ukaaji wa kudumu) maisha yake yote, na kosa hilo karibu kamwe halina msamaha.

SWALI: Shikamooni. Niliingia kwa viza ya matembezi mwaka 2003, sikuondoka. Kijana wangu aliyezaliwa hapa ametimiza miaka 21, bado yuko chuoni. Nimeshauriwa nirudi Mombasa nikasubiri viza huko. – Mama, Minnesota

JIBU: Marahaba, mama. Usipande ndege. Ukitoka baada ya kukaa mwaka mmoja au zaidi bila kibali, unafungiwa kurudi kwa miaka kumi. (Zaidi ya siku 180 lakini chini ya mwaka, ni mitatu.) Msamaha upo, ila unataka uthibitishe kwamba mume au mzazi wako aliye raia au mwenye kadi ya kijani atateseka kupita kiasi. Mateso ya mtoto hayahesabiki. Wengi wamenaswa hapo, wakidhani mtoto raia anatosha kuwarudisha.

Wewe uliingia kwa kukaguliwa, kwa hiyo mzazi wa raia aliyetimiza miaka 21 anasamehewa kupitiliza muda, na hata kufanya kazi bila kibali, akiomba akiwa ndani ya nchi. Kijana anajaza I-130 (fomu ya kukuombea kama mzazi wake), wewe I-485 (ombi la kadi ya kijani), na zote mbili mnaweza kuzituma pamoja. Ongeza I-765 ya kibali cha kazi. Ripoti ya daktari, I-693, iambatane na I-485 tangu mwanzo. Kwa viwango vilivyoanza Aprili 2024, I-130 ya karatasi ni dola 675 na I-485 ni dola 1,440, lakini kagua ukurasa wa ada wa USCIS, idara inayoshughulikia maombi haya, siku ya kutuma: ada ikikosewa, fomu hurudishwa.

Kijana ajaze pia hati ya udhamini, I-864, hata kama hana kipato. Kipato kinachotakiwa ni asilimia 125 ya kiwango cha umaskini kwa idadi ya watu wa nyumba hiyo. Kwa kuwa ni mwanafunzi, tafuteni mdhamini wa pili, raia au mwenye kadi ya kijani, naye ajaze I-864 yake na kuambatanisha kodi ya mwaka wa karibuni.

Majina ndiyo huchelewesha watu wetu. Kama cheti cha kuzaliwa cha mtoto kinamtaja mama kuwa Mwanaisha Ali na pasipoti ya mama inasema Aisha Ali Omar, andaa hati ya kiapo na nyaraka za zamani zinazounganisha majina hayo. Baba anayeombewa huongeza cheti cha ndoa. Kama hakuoana na mama, alete ushahidi kwamba alimlea mtoto kabla hajatimiza miaka 21: risiti za fedha, rekodi za shule, picha.

I-94 ya karatasi imepotea? Omba kumbukumbu zako CBP (idara ya forodha na ulinzi wa mipaka) kwa utaratibu wa FOIA, sheria ya kupata taarifa za serikali, kabla ya kutuma chochote. Tangu Februari 2025, ombi likikataliwa na huna kibali kingine, USCIS huweza kukupeleka mahakama ya uhamiaji. Hakikisha pia nchi yako haimo kwenye matangazo ya rais ya kuzuia raia wa baadhi ya nchi kuingia Marekani, yaliyoanza Juni 2025 (Burundi ilikuwemo tangu awali), maana orodha hubadilika.

Aliyeingia kama baharia akaacha meli hana njia hii, hata mtoto awe na miaka 30.

SWALI: Nilivuka mpaka wa Mexico mwaka 2012. Binti yangu ni raia, ana miaka tisa, ana selimundu. – Baba, Ohio

JIBU: Pole kwa uuguzi, kaka. Hata binti akifika miaka 21, kwa kawaida hutaweza kukamilisha ombi ndani ya nchi, kwa kuwa hukukaguliwa mpakani. Ila ukiitwa mahakama ya uhamiaji kuna fomu ya EOIR-42B, ya kumwomba jaji asikuondoe nchini na akupe kadi ya kijani. Masharti yake: miaka kumi mfululizo nchini, mwenendo mwema, bila makosa fulani ya jinai, na mateso ya kupindukia kwa mwenzi, mzazi au mtoto aliye raia au mwenye kadi ya kijani. Hapa mtoto anahesabiwa, akiwa chini ya miaka 21 na hajaoa wala kuolewa. Kusanya sasa barua za daktari, orodha ya dawa na rekodi za kulazwa. Nafasi ni 4,000 tu kwa mwaka nchi nzima.

Anayekuuzia "viza ya miaka kumi" mkimbie. Hujaza ombi la hifadhi la uongo ili upelekwe mahakamani, na ukishindwa unaamriwa kuondoka. Tafuta wakili mwenye leseni, au mwakilishi aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria.

SWALI: Binti yangu ananiombea. Wadogo zake walioko Kigoma wataingia humo humo? – Mama, Kentucky

JIBU: Hapana. Kila I-130 ya mzazi ni ya mtu mmoja. Ukishapata kadi ya kijani, utawaombea wewe mwenyewe watoto wako wasiooa wala kuolewa. Mumeo naye binti amjazie yake. Kama ni baba wa kambo, ndoa yenu iwe ilifungwa kabla binti hajatimiza miaka 18.