Usiharakishe Kumaliza Mipira Yako: Kwa Vijana wa Pool Wanaotaka Kuingia Mashindano

Hapa Busia, Uganda, hawakosekani vijana wa kuniuliza wafanye nini ili waingie kwenye timu ya pool. Mkono wanao. Mpira wa mbali kabisa wanautia shimoni bila wasiwasi, na kwenye meza ya mtaani wenzao wamechoka kuliwa sarafu za 500. Kijana wa namna hiyo akienda kwenye mashindano, anatolewa raundi ya kwanza, tena na mtu ambaye hata hapigi kwa nguvu. Nimekaa na wengi wao mezani, na karibu wote wana ugonjwa mmoja: haraka ya kumaliza mipira yao.

Hapa ndipo fremu nyingi, yaani michezo mizima mmoja mmoja, zinapopotea, kwa hiyo nitapaeleza vizuri. Katika blackball, aina ya pool tunayocheza hapa, kuna mipira 7 myekundu, 7 ya njano na mmoja mweusi. Kijana anapata myekundu, anatia 6 mfululizo, watu wanashangilia. Wa saba umeganda ukingoni, mweusi umeuziba. Anakosa. Sasa itazame meza kwa macho ya mpinzani. Mipira yake 7 yote ipo, na njia iko wazi, hakuna mwekundu wa kumzuia. Isitoshe, wewe umebakiwa na mpira mmoja tu wa kulenga, kwa hiyo anajua hasa pa kuuficha mpira mweupe, ule mnaoupiga kwa fimbo. Ukishindwa kuufikia ni faulo, naye anapewa pigo la bure na zamu yake inaendelea. Ile mipira 6 uliyoitia kwa mbwembwe ndiyo iliyokuwa inamkosesha nafasi.

Kwa hiyo kabla hujatia hata mmoja, jiulize: ule wa ukingoni nitautoaje, na nikitokea mpira gani? Kama jibu lipo, maliza meza bila huruma. Kama halipo, tia mmoja au miwili ili upate pembe nzuri, kisha uugonge ule ulioganda utoke, au umwachie mpinzani mweupe mahali ambapo haoni kitu. Watazamaji watasema umeogopa. Waache waseme, kwani fremu si yao.

Sheria nazo huwaangusha wengi. Mtaani unaweza kuugusa mpira wako polepole, mweupe ukabaki umejificha papo hapo, na hakuna anayekuuliza. Katika sheria za blackball, kama hakuna mpira ulioingia, ni lazima baada ya mgongano mpira wowote ufike ukingoni. Usipofika, ni faulo. Tafuta sheria za mashindano unayoingia, uzisome, halafu mwombe mwenzako akusimamie kama refa angalau fremu chache kila jioni.

Ufundi wenyewe uko kwenye mpira mweupe. Kwenye meza nyingi za sarafu huwa mdogo kuliko mingine, kama milimita 47.6 dhidi ya 50.8, ili mashine iweze kuutenga na kuurudisha. Kwa kuwa ni mwepesi, kuuvuta urudi nyuma ni rahisi, ila kuufanya ufuate mbele kuna kazi. Wanaotazama kwenye simu mechi za mipira 9, aina nyingine ya pool, wakumbuke kuwa meza ile ni ya futi 9, mipira yake ni milimita 57, na mweupe unalingana na mingine. Msiige nguvu za mapigo yale. Angalieni mweupe unasimama wapi. Efren Reyes wa Ufilipino, bingwa wa dunia wa mipira 9 mwaka 1999, alikulia kwenye ukumbi wa pool wa mjomba wake jijini Manila, na mpaka leo watu wanamtazama kwa jinsi alivyoutawala mpira mweupe.

Zoezi ninalowapa ni hili: weka karatasi yenye ukubwa wa noti popote mezani, tia mpira rahisi, na mweupe usimame juu ya karatasi. Mpira ukiingia lakini karatasi umeikosa, hujapata kitu. Rudia.

Kuhusu dau, nitasema wazi. Mchezo wa pesa unakuzoesha kumchagua mnyonge na kucheza fremu mojamoja, ilhali mashindano yanataka uvumilivu wa fremu nyingi dhidi ya mtu usiyemchagua. Pesa ya kodi ya nyumba isifike mezani hata siku moja. Na msicheze asubuhi. Inaniuma kuona vijana wakikamatwa kwenye meza saa za kazi, halafu mchezo mzima unaitwa wa wavivu.

Pesa halali ipo. Mwaka 2024 huko Jeddah, Fedor Gorst aliwashinda wachezaji wengine kwenye ubingwa wa dunia wa watu 128 na kupata dola 250,000. Hapa kwetu zawadi ni ndogo zaidi, kwa hiyo kazi yako usiiache. Njia yake ni klabu: ingia kwenye timu inayocheza chini ya Chama cha Pool cha Uganda, uzoee ligi, ndipo uyaendee mashindano ya taifa.

Dada zangu, nanyi mnahusika. Rukia Nayiga amekuwa bingwa wa taifa zaidi ya mara moja, na ameichezea Uganda. Najua meza nyingi ziko baa, na baa ina maneno yake. Nendeni wawili au watatu, mwende mapema, na mzungumze na mwenye meza awape Jumapili mchana kabla wanywaji hawajajaa. Hapa Busia wapo wenye meza waliokubali, kwa sababu saa hizo meza zao zinakaa bure.