Jibu: deserve kwa Kiurdu

Ndugu uliyeuliza deserve, yaani kustahili kwa Kiingereza, kwa Kiurdu inasemwaje, na kwa nini kamusi inakupa mustahiq, sikia, hiyo ni ileile ya Kiarabu iliyotupa sisi stahiki, kwahiyo maana ushaipata. Ila angalia sana matumizi, maana kwa Kiurdu sio kitenzi, ni sifa ya mtu, unasema mtu ni mwenye kustahiki kitu flani: woh is inaam ka mustahiq hai, yaani anastahili hii zawadi. Akiwa mwanamke hiyo ka inakuwa ki, usiisahau hapo wengi wanateleza. Adhabu pia inaingia, saza ka mustahiq. Sasa Pakistan ukisikia mustahiq peke yake, hasa Ramadhani, mara nyingi wanamaanisha maskini anayestahili kupewa zaka, so usimwite mtu hivyo ovyo. Ukitaka kusema mtu ana haki yake kabisa tumia haqdaar, mi naona inakaa vizuri zaidi kwenye mambo ya urithi na mshahara. Mtaani vijana wanachanganya tu na Kiingereza, deserve karna (karna ni kufanya), na wanaeleweka vizuri.