Barua kwa mwanangu: neno uliloambiwa Kimara

Tabata, Dar es Salaam

Mwanangu mpendwa,

Shalom. Ujumbe wako nimeusoma mara tatu, na nimeona heri nikujibu kwa barua kuliko kwa simu, maana jambo lenyewe linahitaji utulivu. Umeniambia kwamba usiku wa mwisho wa likizo yako rafiki yako alikupeleka kwenye ibada kule Kimara, mtumishi akakuita mbele, akataja jina la ukoo wetu na mwaka uliomaliza chuo, kisha akasema kwamba shangazi yako ameifunga nyota yako ili usiolewe, na kwamba usipotoa sadaka ya kujimaliza, yaani ya kutoa mpaka usibaki na kitu, ya shilingi 300,000 kabla ya Ijumaa, mlango huo hautafunguka tena. Unaniuliza: "Mama, kama aliyajua yote hayo, nitasemaje kwamba hakutumwa na Mungu?"

Siwezi kukuambia kwamba unabii umekwisha, kwa kuwa siamini hivyo. Paulo aliwaandikia Wathesalonike wasimzimishe Roho wala wasitweze unabii, na papo hapo akawaagiza wajaribu mambo yote na kulishika lililo jema. Anayekuambia kwamba kuuliza ni kumkosea Roho amekuondolea nusu ya agizo hilo.

Sasa nikusimulie jambo ambalo sijawahi kukueleza. Kabla hujazaliwa, mimi na baba yako tulikaa miaka sita bila mtoto. Mtumishi mmoja aliyekuwa akihubiri chini ya turubai aliniambia mambo mawili: kwamba nitazaa, na kwamba aliyenifunga kizazi ni mama mkwe wangu, yaani bibi yako. Nilimwamini. Bibi yako alikuwa akitutumia korosho na mihogo mikavu kutoka Newala kwa basi, katika kiroba kilichoshonwa mdomo kwa uzi wa katani, na jina la baba yako limeandikwa juu yake kwa mkaa. Nilikuwa nakipokea kituoni, nakinyunyizia mafuta ya upako, kisha nakitupa jalalani kabla baba yako hajarudi kutoka kazini. Nilifanya hivyo kwa miaka miwili. Bibi yako alipokuja kwetu kwa matibabu nilimtengea sahani yake peke yake, na nilishindwa kumtazama usoni. Alirudi kwao akafariki, nami sikuwa nimemwomba radhi.

Baadaye daktari aligundua kwamba nina uvimbe kwenye kizazi, nikafanyiwa upasuaji, na mwaka uliofuata ukazaliwa wewe. Kwa hiyo unaona, mwanangu, neno la yule mtumishi lilitimia. Alisema nitazaa, nikazaa, akanisimamisha mbele ya watu nitoe ushuhuda, nami nilisimama nikiwa nimekupakata.

Ndiyo maana kipimo cha "je, lilitimia?" hakinitoshi tena. Wengi tunakijua kile cha Kumbukumbu la Torati sura ya 18, kwamba neno lisipotukia Bwana hakulinena. Sura ya 13 ya kitabu hicho hicho inatangulia kusema kwamba nabii anaweza kutoa ishara, ishara ikatukia kweli, na bado asisikilizwe, kwa sababu anawavuta watu waiandame miungu mingine. Katika Matendo ya Mitume, kule Filipi kijakazi mwenye pepo wa uaguzi alisema ukweli mtupu juu ya Paulo na wenzake, na bwana zake wakapata faida nyingi kwa uaguzi wake, lakini Paulo alimkemea yule pepo. Kujua jina lako si hoja. Na wewe mwenyewe umeandika kwamba mlangoni mhudumu alikupa karatasi ujaze jina, simu, elimu na shida yako. Ningependa uifikirie karatasi hiyo.

Tazama fedha zilielekea wapi. Agabo, nabii wa kanisa la kwanza, alipotabiri njaa, wanafunzi wa Antiokia walichanga, kila mtu kwa kadiri alivyoweza, wakawapelekea ndugu waliokaa Uyahudi. Hatusomi kwamba Agabo alitaja kiasi wala kwamba alipokea kitu. Mafundisho ya kale ya kanisa yaitwayo Didake yanasema kwamba nabii anayeomba fedha kwa ajili yake asisikilizwe, bali akiombea wahitaji asihukumiwe.

Na tazama haraka ya yule mtumishi wa Kimara. Hanania, nabii wa uongo, alipoivunja nira ambayo nabii Yeremia aliivaa shingoni kama ishara ya utumwa wa Babeli na kuahidi mbele ya watu kwamba vyombo vya hekalu vitarudi ndani ya miaka miwili, Yeremia hakumpigia kelele wala hakuwatisha watu. Alikwenda zake, akangoja mpaka Bwana aseme naye tena. Paulo naye anataka manabii wanene wawili au watatu na wengine wapambanue. Je, pale Kimara nani aliruhusiwa kupambanua? Hofu inapopewa siku ya mwisho watu hatufikiri. Tarehe 1 Februari 2020 kule Moshi watu 20 walikufa katika msongamano wa kuyakimbilia mafuta ya upako, nami siwahukumu, kwa sababu mwanamke niliyekuwa zamani angekimbia pamoja nao.

Lakini linaloniuma zaidi ni shangazi yako. Yeye ni binti wa bibi yule yule, na ndiye aliyelala sakafuni kando ya kitanda changu hospitalini usiku tatu nilipopasuliwa. Paulo anasema anayetoa unabii huwajenga watu, huwafariji na kuwatia moyo. Neno uliloambiwa limekujengea nini, zaidi ya kukufanya uogope kupokea simu yake?

Jumapili baada ya ibada alipita hapa, akaniuliza kama ulifika Dodoma salama, maana hukumpigia. Ameacha vitenge viwili vyako, nimevitunza kabatini. Sikumwambia lolote. Fedha usitume. Mpigie kabla ya hiyo Ijumaa, na ukishindwa kujua pa kuanzia, mshukuru kwa vitenge.

Ni mimi mama yako.