Nina mimba ya wiki saba, vidonge vya bipola nivitupe?

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 29, naishi Morogoro. Nina bipola, ule ugonjwa wa akili wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, natumia valproeti, na huu mwaka wa tatu sijalazwa. Juzi nimepima, nina mimba ya wiki saba. Mama mkwe anasema vidonge vitamlemaza mtoto, niache leo leo. Mume wangu kanyamaza tu. Nifanyeje? – Mama Kijacho*

Marahaba mwanangu, na hongera.

Mama mkwe hajakosea kuogopa. Valproeti ndiyo dawa ya bipola yenye hatari kubwa zaidi kwa mtoto aliye tumboni. Katika kila watoto 100 waliokutana nayo humo, wapatao 10 huzaliwa na kasoro kubwa, kama mgongo wazi, na 30 hadi 40 hupata shida ya kuzungumza, kutembea au kushika masomo. Ulistahili kuambiwa haya siku ya kwanza unaandikiwa dawa. Hukuambiwa, basi usijilaumu.

Ila kuacha ghafla, bila dawa nyingine ya kukushika, ni kuualika ugonjwa urudi, na wewe unajua ukirudi unavyokuwa: hulali, huli, kliniki ya wajawazito huikumbuki. Hapo mtoto naye yumo hatarini.

Kwa hiyo usingoje tarehe yako. Kesho asubuhi nenda kwa daktari wako wa afya ya akili, umebeba pakiti ya dawa, na ukifika mapokezi sema: "Nina mimba na natumia valproeti." Mpaka umuone, meza kama ulivyopangiwa. Zipo dawa zenye nafuu kwa mjamzito, kama kwetiapini au lamotrijini. Ipi inakufaa ataamua yeye akiangalia historia yako. Muulize pia kuhusu dozi ya asidi ya foliki, na ultrasaundi ya kumkagua mtoto kwenye wiki ya 18 hadi 22.

Atatokea wa kukwambia umechelewa, mgongo wa mtoto umeshajifunga. Ni kweli hujifunga mapema sana. Lakini ubongo wake unajengeka miezi yote tisa, kwa hiyo kubadilisha dawa sasa bado kunamsaidia.

Mumeo aende nawe, ayasikie kwa daktari mwenyewe. Wiki za mwanzo baada ya kujifungua ndizo ngumu kuliko zote kwa mwenye bipola, na yeye ndiye atakayekuwa karibu. Pangeni mapema nani atabeba mtoto usiku ili ulale. Na akiona umekesha usiku mbili mfululizo bila kuchoka, unaongea bila kituo, akupeleke hospitali siku hiyohiyo.