Mgonjwa wa kisukari kazinduka, gari la wagonjwa limeondoka: nani aachwe nyumbani, nani apelekwe

Mkuu, pole kwanza kwa kuuguza. Umesema mama yako mkubwa huko Tandahimba, Mtwara, mgonjwa wa kisukari, alizimia jioni. Wahudumu wa gari la wagonjwa wakampima, wakampa glukozi ya mshipani, akazinduka na kuongea. Akagoma kwenda hospitali, wakamwacha. Saa nane usiku akazimia tena. Unauliza kama walikosea.

Kumtibu mtu palepale na kumwacha nyumbani kwake, hilo lenyewe si kosa. Uingereza ni utaratibu rasmi, na wahudumu wa magari ya wagonjwa wanasomeshwa jinsi ya kuuamua. Ila kwa mama yako mkubwa kuna swali moja lililotakiwa kuulizwa kabla ya mengine yote: anatumia dawa gani?

Kama ni glibenklamaidi, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Daonil, haachwi. Vidonge hivi vinalisukuma kongosho limwage insulini, homoni inayoshusha sukari, mtu awe amekula au hajala, na kwa mzee mwenye figo zilizochoka kazi hiyo inaweza kuendelea saa 24 hata zaidi. Glukozi ya mshipani inaisha mapema sana kuliko hapo. Tena sukari ikipandishwa ghafla, kongosho lililokwisha kuchochewa na dawa linamwaga insulini nyingine juu yake. Ndiyo maana mtu anasoma 9 (mmol/L, kwenye mashine ya kupima sukari) saa kumi na mbili jioni, na saa nane usiku anasoma 2. Huyu anatakiwa kulazwa na kupimwa kila baada ya saa moja au mbili, hata kama ameamka na kuomba uji.

Anayetumia metformini peke yake ni habari nyingine. Dawa hiyo ni nadra kushusha sukari hadi mtu azimie, kwa hiyo ikishuka tafuta sababu iliyojificha: malaria kali, kwinini, maambukizi, figo, au nipa (gongo) iliyonywewa bila chakula. Pombe inalizuia ini kutoa sukari ya akiba. Huyo naye apelekwe.

Anayebaki kwenye kundi la kuweza kuachwa ni mtumiaji wa insulini ambaye sababu inaonekana wazi: alichoma sindano akachelewa kula, au alipalilia korosho mchana kutwa kwa kikombe cha chai. Hata huyo, sukari isomeke juu ya 5 mara mbili, vipimo viachane dakika 15 hadi 30, na ale chakula cha wanga mbele ya macho yenu. Soda haitoshi, inapanda na kushuka. Ugali, muhogo au wali ndio unaoshikilia usiku, hasa kama insulini yake ni ile ya mchanganyiko inayofanya kazi karibu siku nzima.

Sasa kipimo chenyewe, maana hapa watu wanadanganywa sana. Msimu wa mabibo, kidole chenye maji ya bibo kinasoma sukari ya juu ya uongo. Ukifuta kwa spiriti tu haitoshi, osha kwa maji, kausha, toboa, futa tone la kwanza, pima la pili. Stripu, yaani vile vipande vya kupokea tone la damu, nazo zinaharibiwa na joto na unyevu wa pwani. Kopo likiachwa wazi au kwenye dashibodi ya gari, usiliamini. Kama mgonjwa anatoka jasho na kuweweseka lakini mashine inasema 8, rudia kidole kingine.

Kuhusu glukozi: mililita 50 za asilimia 50 zina gramu 25, lakini ni nzito, na kanula (mrija wa kupitishia dawa mshipani) ikiwa nje ya mshipa inaunguza nyama za mkono vibaya. Afadhali kuchanganya mililita hizo 50 na mililita 200 za maji ya sindano, upate mililita 250 za asilimia 10, kisha kumpa 150 hadi 200 kwa dakika 15 na kupima tena. Nyumbani, kama ana fahamu na anameza, vijiko 3 au 4 vya chai vya sukari kwenye maji vinatosha kuanzia. Akiwa hana fahamu, usimtie chochote mdomoni. Mlaze ubavu.

Kabla gari halijaondoka kuna vipimo sita: kupumua, oksijeni, mapigo, presha, joto na hali ya akili. Unaokisiwa mara nyingi ni upumuaji. Mhudumu anaandika 20 bila kuhesabu. Ahesabu dakika nzima, maana homa ya mapafu huonekana hapo kabla ya kwingine.

Na kugoma kwake? Mtu aliyezinduka dakika 5 zilizopita ubongo wake bado haujatulia, na “sitaki” yake haijawa uamuzi. Angojewe nusu saa, kisha aeleze kwa maneno yake mwenyewe kilichompata, kinachoweza kutokea usiku, na atafanya nini kikitokea. Kama lugha yake ni Kimakonde, aulizwe kwa Kimakonde. Akishindwa, sahihi yake kwenye fomu haina uzito. Akiweza, muulizeni kinachomzuia. Mara nyingi ni hela, au hakuna wa kubaki na wajukuu. Sera ya msamaha wa malipo inawahusu wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo, na mhudumu anayelisema hilo wazi hubadilisha uamuzi pale pale.

Akiachwa kwa haki, basi kuna mtu wa kulala naye chumba kimoja, na karatasi yenye saa za kumwamsha: saa nne, saa nane, saa kumi na mbili asubuhi. Aamke na kutaja jina lake na siku. Bajaji ya usiku ipatikane kabla ya kulala, na namba ya dereva iandikwe. Bodaboda haimbebi mtu asiye na fahamu. Kutoka vijijini Tandahimba gari halirudi kwa dakika 10, na mvua za masika zinaongeza umbali.

Kwa kifupi wengine ambao hawaachwi kabisa: mjamzito au aliyejifungua karibuni akipata degedege (namba 115 haina malipo kwa wajawazito, waliojifungua karibuni na watoto wachanga), aliyeumwa na nyoka, hata kama hajavimba, huyu ni saa 24 chini ya uangalizi, na aliyeanguka na pikipiki akagonga kichwa huku amekunywa uraka (pombe ya mabibo). “Amelewa tu” ni maneno yanayoua, kwa sababu damu inayovuja kwenye ubongo inafanana na ulevi. Mwenye pumu aliyepata nafuu kwa salbutamoli naye asubiriwe saa nzima, kwani nafuu hiyo ni ya saa 4 hadi 6, na wakati wa kupuliza salfa kwenye mikorosho vumbi bado linamsubiri nje.

Kwa mama yako mkubwa, usingoje kesho: chukua paketi ya vidonge vyake, si jina la dawa kichwani, uende naye hospitali ya wilaya. Apimwe kreatinini kuangalia figo. Kama ni glibenklamaidi na amepita miaka 60, muulize daktari kuhusu gliklazaidi, kwa sababu hata orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani inaeleza kwamba glibenklamaidi haifai kwa umri huo. Kama ni hiyo, asimeze kidonge kingine mpaka aonane na daktari.