Maswali ya Wasomaji: Monita na Mkanda Vinapotofautiana

SWALI: Mgonjwa wetu wa ICU ana kanula (kimrija cha kupimia presha) kwenye ateri ya mkono. Monita inaonyesha 96/72, mkanda wa presha unasema 124/62. Nifuate kipi kabla ya kuongeza dawa ya kupandisha presha?
Muuguzi, Nairobi

JIBU: Dawa isubiri kidogo. Linganisha kwanza presha ya wastani: kwenye ateri ni 80, kwa mkanda ni 83 hivi. Ya juu imeshuka, ya chini imepanda, wastani umebaki palepale. Maana yake mpira unaounganisha kanula na monita unazima mawimbi ya presha. Transdusa (kifaa kinachogeuza presha kuwa ishara ya monita) ingekuwa juu mno, namba zote zingeshuka pamoja.

Thibitisha hivi: fungulia salaini kwa kasi kwa sekunde moja, kisha achia ghafla. Mchoro wa monita ukilala juu, ukaanguka wima na kutikisika mara moja au mbili, mfumo ni mzima. Ukiteremka polepole bila kutikisika, tafuta kiputo cha hewa, damu iliyoganda, mpira uliojikunja, au mfuko wa salaini uliolegea. Mgandamizo wake uwe 300 mmHg. Ukitikisika mara nyingi, kosa ni kinyume: presha ya juu inasomeka kubwa kuliko ilivyo.

Viputo vitolee kwenye koki ya njia tatu, kamwe visielekee kwa mgonjwa. Kanula ikiziba, vuta kwa sirinji. Ikikataa, usisukume kwa nguvu. Damu iliyoganda itakwenda kuziba mishipa ya vidole. Mwite daktari, na wakati huo fuata mkanda na hali ya mgonjwa mwenyewe.

SWALI: Tulipoinua kitanda, presha ya vena kuu iliruka kutoka 6 hadi 13. Je, amezidishiwa maji?
Muuguzi huyohuyo

JIBU: Kitanda kilipanda, transdusa ikabaki kwenye nguzo. Kila sentimita 10 chini ya moyo huongeza takriban 7.5 mmHg. Kwenye ateri ni kosa dogo, lakini kwenye vena linazidi kipimo chenyewe! Irudishe transdusa usawa wa nafasi ya nne kati ya mbavu, kwenye mstari wa katikati ya kwapa, usome mwisho wa kutoa pumzi.

Tazama na mawimbi ya mchoro wa vena, yanayoitwa a, c na v. Wimbi a, linalofuata P (wimbi la kwanza la ECG, mchoro wa umeme wa moyo), ni atiria ya kulia, chumba cha juu cha moyo, ikijikaza. Atiria zikitetemeka ovyo, wimbi hilo hutoweka. Wimbi v, la atiria ikijaa damu, likiwa refu mno, shuku vali ya trikaspidi (iliyo chini ya atiria hiyo) inayovuja. Hapo wastani wa monita hupanda hata maji yasipozidi, kwa hiyo soma namba kwenye mchoro, kabla tu ya wimbi c, la vali hiyo ikifunga, kuanza.