Kichwa cha ndama, meza moja na bibi nisiyemjua

Swali lenu la wiki hii, "Ni sehemu gani ya kula mjini uliyotoka ukasema hapa lazima nirudi, na kwa nini?", nimelisoma nikiwa kwenye daladala nikacheka peke yangu, maana jibu langu halipo Dar wala Arusha, lipo Paris. Msianze kusema najisifia safari. Sikwenda kutalii, nilienda 2018 kumsaidia dada yangu mkubwa aliyekuwa kajifungua, nikakaa miezi miwili nakanda mgongo wa mzazi na kupika uji wa pilipili manga kwa unga niliobeba mwenyewe kwenye begi.

Mtoto alipofikisha wiki sita mama mkwe wake akaja kumshika, shemeji akasema leo tunatoka. Tukaenda Bouillon Chartier, mtaa wa Faubourg Montmartre namba 7, unashukia metro ya Grands Boulevards. Hapo hamna cha kupiga simu uwekewe meza, unapanga foleni kama mwendokasi Kimara saa moja asubuhi, foleni imeingia kwenye uchochoro mpaka uani, baridi inang'ata, na mimi nauliza dada hivi kweli tunasimama nje hivi kwa ajili ya chakula? Dada akaniambia mdogo wangu tulia utaona.

Kwenye foleni wakaanza kubishana. Dada aliniambia ananipeleka brasserie, yaani mgahawa wa bia na chakula, shemeji akang'aka, hii siyo brasserie! Shemeji kwao ni Alsace, mashariki huko mpakani na Ujerumani, na hilo neno kwao linauma, kwamba brasserie maana yake ni kiwanda cha bia, na watu wa kwao ndio waliozileta mjini, Bofinger pale Bastille ilifunguliwa 1864 na mtu wa Alsace, Lipp 1880 vilevile, na baada ya vita vya 1870 Wajerumani walipoichukua Alsace wengi wakahamia Paris na mapipa yao na kabichi yao iliyochachushwa. Hii tunayoingia ni bouillon. Nikauliza bouillon ni nini, dada akasema supu. Supu? Ee supu, yale maji ya kuchemshia nyama. Hapo nikaanza kupapenda kabla sijaingia.

Hadithi yenyewe ni kwamba miaka ya 1850 kulikuwa na mwenye bucha anaitwa Duval, nyama nzuri anawauzia wenye hela, vipande vilivyobaki akawa anavichemsha anawauzia supu na nyama wafanyakazi wa pale soko kuu. Sasa niambieni hiyo ina tofauti gani na pale Ilala ambapo bucha ipo hapa na sufuria la supu lipo hatua tatu. Ndugu wawili kina Chartier wakaja kufungua ya kwao 1896, na ndiyo hiyo mpaka leo.

Kuingia tu, kelele. Yaani kelele! Ukumbi mmoja mkubwa dari ya kioo iko juu huko, vioo ukutani, taa za mviringo, watu mia na zaidi wote wanaongea, sahani zinagongana, mahali pa kupita penyewe pa upana wa bega na weita anapita na sahani nyingi mkononi kuliko vidole, kizibao cheusi na aproni nyeupe ndefu, hakuombi upishe, wewe mwenyewe utajua. Juu ya meza kuna vichanja vya shaba kama vya mizigo kwenye treni, koti unalitupa huko. Pembeni kuna vidroo vya mbao vina namba, zamani wateja wa kila siku ndimo walimokuwa wanaacha vitambaa vyao vya kufutia mdomo. Na kuna mchoro mkubwa ukutani wa mwaka 1929, mchoraji anaitwa Germont, inasemekana alikula kwa mkopo mpaka deni likamshinda akalipa kwa kuchora. Kumbe mambo ya "mama niandikie ntalipa mwisho wa mwezi" hayakuanzia Tandika.

Tulikuwa watatu, meza ya wanne. Dakika mbili hazijaisha weita kamleta bibi mmoja wa makamo ya juu, yuko peke yake, kamkalisha kiti cha nne, basi, hakuna aliyeuliza. Mimi nikajua watu wa huko hawapendi kukaa na mtu wasiyemjua, si ndivyo tunavyoambiwa? Bibi akasalimia, akakaa, menyu hata hakuigusa, akaagiza liki za siki na nyama ya ng'ombe ya kuchemsha na mboga. Weita akatoa kalamu akaandika oda yake hapohapo juu ya meza, kwenye karatasi nyeupe ya kutandikia, sio kidaftari wala tableti. Herufi tatu, namba, herufi tatu, namba. Halafu akanigeukia mimi.

Mimi nikataka kujifanya mjuaji. Kwenye menyu nikaona tête de veau, nikauliza hii nini, dada kabla hajajibu yule bibi akajipiga kofi dogo shavuni, mara mbili, akatoa ulimi nje, akanyoosha kidole kwenye kichwa chake. Nikaelewa bila mkalimani. Kichwa cha ndama! Nikasema hiyo hiyo.

Ikaja. Jamani supu ya kichwa mimi naijua, ya ng'ombe na ya mbuzi, ila hii wameitoa mifupa wakachemsha taratibu mpaka ngozi imekuwa laini inatetemeka ukigusa sahani, kuna kipande cha ulimi, kuna viazi vya kuchemsha vizima, na juu wanamwagia sosi ya mayai ya kuchemsha yaliyokatwakatwa na haradali na matango madogo ya siki na majani. Haina pilipili hata ya kusingiziwa. Tonge la kwanza nilishangaa, la pili nikatafuta ndimu, ndimu hamna, nikagundua kazi ya ndimu inafanywa na yale matango, la tatu sikuongea tena. Bibi alikuwa ananitazama. Nilipomaliza nyama akanisogezea kikapu cha mkate, akakata kipande akaonyesha, unafuta sahani hivi, kuzungusha, mpaka ing'ae. Dada kaona aibu, mimi nikafuta.

Bei sasa. Yai la kuchemsha na mayonezi la kuanzia lilikuwa chini ya euro 3, na hilo ni katikati ya Paris ambako kahawa tu inaweza kukutoa jasho. Kuna vyakula vingine nilionja kwa dada na shemeji sitavieleza, kabichi yake shemeji alikula yote na malalamiko kwamba kwao inapikwa vizuri zaidi, si mnajua wanaume.

Kwa nini hapo sasa, maana mmeuliza kwa nini. Mimi sehemu ya kula ikiwa kimya siiamini. Hapa mjini kwetu nimewahi kupelekwa hoteli moja kwenye sherehe ya ofisi, watu wananong'ona kama msibani, sahani pana kama ungo katikati kuna kitu cha ukubwa wa kitumbua, na weita amesimama nyuma yako anahesabu unavyotafuna. Nilirudi nyumbani nikakaanga mayai. Kule Chartier jengo limo kwenye orodha ya majengo ya kumbukumbu ya nchi yao tangu 1989, lina heshima kuliko ile hoteli mara kumi, na bado unakula kichwa kwa sauti na mtu usiyemjua kiwiko kwa kiwiko. Chakula chenyewe ni cha nyumbani tu, hakuna cha kukushangaza, na nadhani ndiyo maana watu hawaishi, shemeji aliniambia zilikuwa karibu kufa hizi bouillon ila sasa zinafufuka, ya Pigalle ilikuwa imefunguliwa mwaka mmoja kabla sijaenda, na nasikia République wakafungua nyingine 2021.

Kulipa ni palepale mezani, weita akajumlisha kwa kalamu chini ya zile herufi, haraka, na bibi yeye hesabu yake akaigeuzia shingo akaipitia kwa kidole mstari kwa mstari, akatikisa kichwa sawa, akatuaga. Sijui hata jina lake.

Nilirudi kweli, wiki ya mwisho kabla ya safari, mara hii peke yangu. Nikaletwa kwenye meza ya vijana watatu watalii, mimi ndiye kiti cha nne. Mmoja akashika menyu akaniuliza kwa Kiingereza tête de veau ndiyo nini. Nikajipiga shavuni mara mbili, nikatoa ulimi, nikaonyesha kichwa changu.

Wakatazamana, wakaagiza kuku.